Ubeti wa Tatu: Mwimbaji wa Mitungi na Njia Aliyoipita Pete Seeger

Swali lilikuwa fupi: "Umetumwa na nani?" Mwanafunzi wangu, binti mwimbaji, aliulizwa mara tatu, katika ofisi moja hapa mjini Mombasa, na watu wanne waliokaa upande mmoja wa meza. Yeye alikuwa upande wa pili peke yake, gitaa lake limeegemezwa ukutani. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Sikuruhusiwa kuingia kwa kuwa si mzazi wake wala si wakili wake. Ni mtu aliyemfundisha gitaa tu. Mlango haukufungwa sawasawa, kwa hivyo kila swali nililisikia, na kimya chake baada ya kila swali nilikisikia pia.

Nataka kukieleza kisa hiki kizima, pamoja na pale nilipokosea mimi, kwa sababu nimeona vijana wengine hapa Pwani wakiingia njia iyo hiyo bila ya mtu wa kuwaambia kwamba kuna waliotangulia kuipita. Jina la binti sitalitaja, wala la ofisi.

Ana miaka 24. Mamake hukaanga mahamri Kisauni, na alfajiri kabla ya kwenda popote lazima amsaidie kukanda unga. Kuimba alianzia kwenye kasida za madrasa, na mapema sana mwalimu aligundua kwamba yeye akianzisha, watoto wengine hawapotezi mahadhi. Alikuja kwenye chumba changu cha kufundishia, Majengo, akiwa na miaka 17. Alijifunza nyuzi upesi, lakini kilichonishangaza ni kwamba hakutaka kuimba nyimbo za mapenzi. Siku moja aliniambia, "Ami, nyimbo za mapenzi zina waimbaji wengi. Za mfereji hazina."

Na ndiyo aliyoitunga. Wimbo wake una beti tatu na kibwagizo hiki:

Mfereji una kutu, na mtungi una bei.

Mizani minane kwa minane, kama alivyofunzwa. Ubeti wa kwanza ni wa mama anayeamka saa tisa usiku kusikiliza kama mfereji utakoroma, kwa sababu ukikoroma ni dalili kwamba maji yako njiani. Wa pili ni wa kijana wa mkokoteni anayesukuma mitungi 20 chini ya jua la mchana. Wa tatu unauliza swali moja tu: ikiwa mabomba hayana kitu, malori ya maji hujaza wapi? Hautaji jina la mtu, hautaji chama. Unauliza tu.

Msomaji wa Mombasa hana haja ya kuelezwa zaidi, lakini kwa wa mbali niseme kidogo. Mji huu hauna mto wake. Maji yake hutoka kwenye Chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, kwa bomba lililolazwa miaka ya 1950, na Baricho kwenye Mto Sabaki, na Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 katika kaunti. Maji yanayofika hayawatoshi, na ndiyo maana mtaani kwetu mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa shilingi 20, na siku za shida hupanda hadi 50. Mwenye tangi kubwa haoni tofauti. Mama wa mahamri huiona kila siku.

Miaka miwili iliyopita alialikwa kuimba kwenye shughuli ya kuzindua kisima, huku huku Kisauni. Walimwalika kwa kuwa wimbo unahusu maji. Naamini hakuna katika waandalizi aliyeusikiliza hadi mwisho kabla ya siku hiyo. Palikuwa na turubai, viti vya wageni, na nyuma kabisa kina mama waliosimama na mitungi yao mitupu, kwa kuwa waliambiwa maji yatatoka siku hiyo hiyo. Kibwagizo walikidaka mara ya pili tu kilipoimbwa. Ubeti wa tatu ulipofika, sauti yao iliipita ya spika. Wageni waliokaa mbele waligeuka kutazama nyuma.

Baada ya hapo hakuna aliyempigia kumwambia umefutwa. Simu iliacha tu kulia. Hoteli mbili za ufukwe wa kaskazini ambako alikuwa akiimba Ijumaa na Jumamosi zilimwambia, kwa maneno yanayofanana mno, kwamba msimu umekuwa mbaya. Mahojiano aliyokuwa ameshayarekodi kwenye kituo kimoja cha redio hayakupeperushwa. Kisha ndipo akaitwa kwenye ile ofisi, akaulizwa nani aliyemtungia, nani aliyemtuma, ni kina nani wengine wanaokuja chumbani kwangu. Mwisho akapewa ahadi: autoe ubeti wa tatu, auimbe uliobaki kwenye mfululizo wa shughuli zao, alipwe shilingi 40,000.

Alipotoka, nilimwambia autoe.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na sababu zangu, na zilionekana za busara: beti mbili zilizobaki bado zilikuwa na nguvu, mamake alikuwa na deni la unga, na mtu akishapata jukwaa aweza kuurudisha ubeti baadaye. Hakunijibu mpaka tulipofika Mwembe Tayari kutafuta matatu. Hapo akasema, "Ami, si wewe uliyetusomesha habari za yule mzee wa banjo?"

Ni kweli nilikuwa nimewasomesha. Kila mwaka huwaeleza wanafunzi maisha ya waimbaji wa nchi mbalimbali, na Pete Seeger wa Marekani ni mmoja wao. Lakini nilikuwa nimewaeleza kama hadithi nzuri ya mtu wa mbali. Yeye aliichukua kama habari ya mtu aliyekaa kwenye kiti kile kile. Kwa hivyo usiku ule nilikaa nikayapitia maisha ya Seeger upya, safari hii nikitafuta jambo moja: alipoulizwa nani aliyemtuma, alifanya nini, na kilimfika nini baadaye?

Seeger alizaliwa New York tarehe 3 Mei 1919. Babake, Charles Seeger, alikuwa mwanazuoni wa muziki, kwa hivyo kijana hakukulia katika nyumba ya kimya. Aliacha masomo Harvard mwaka 1938, akaingia kufanya kazi na Alan Lomax, aliyekuwa akikusanya nyimbo za wakulima, wachimba migodi na wafungwa kwa ajili ya hifadhi ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 1940 alikutana na mwimbaji Woody Guthrie, wakazunguka pamoja, wakiimba kwenye mikutano ya vyama vya wafanyakazi. Ala yake ilikuwa banjo, na napenda wanafunzi wangu walijue hili: asili ya banjo ni Afrika Magharibi, kibuyu na ngozi na nyuzi, ilifika Marekani mikononi mwa watu waliouzwa utumwani.

Alikuwa mkomunisti. Aliingia chama mwanzoni mwa miaka ya 1940 na akakiacha mwishoni mwa muongo huo. Sioni haja ya kulificha hilo, wala yeye hakulificha uzeeni. Alikiri kwamba alichelewa mno kuuona ukatili wa Stalin, na nami naona alichelewa. Mtu aliyekuwa na sikio jepesi hivyo kwa kilio cha mchimba migodi wa Kentucky angepaswa kusikia na cha mfungwa wa Siberia. Aibu hiyo ni yake. Lakini si hiyo iliyomfikisha kwenye meza ya kuhojiwa. Kilichomfikisha ni kwamba watu walikuwa wakiimba naye.

Mwaka 1948 alianzisha kundi la The Weavers na wenzake watatu, Lee Hays, Ronnie Gilbert na Fred Hellerman. Mwaka 1950 wimbo wao "Goodnight, Irene", waliourithi kwa mwimbaji mweusi Lead Belly, ulishika nafasi ya kwanza nchi nzima kwa majuma kadhaa. Mwezi Juni mwaka huo huo kikachapishwa kijitabu chenye majina 151 ya watu wa redio, televisheni na muziki walioshukiwa ukomunisti, na jina la Seeger lilikuwamo. Hakuna mahakama iliyokipitisha, wala hakuna sheria iliyosema waliotajwa wasipewe kazi. Nguvu ya orodha ilikuwa hapo hapo: kila meneja wa ukumbi aliogopa kivyake, kila mdhamini wa kipindi aliogopa kivyake, na kila mmoja akawa na sababu nyingine ya kusema. Mwaka 1952 mchongezi mmoja akatoa ushahidi dhidi yao; baadaye alikiri hadharani kwamba alikuwa akisema uongo, lakini wakati huo kumbi zilikuwa zimeshafungwa na kundi limeshavunjika. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Msimu mbaya. Maneno yanayofanana mno.

Tarehe 18 Agosti 1955 akaitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza watu waliodaiwa kuipinga Marekani. Njia zilizokuwa mbele yake zilikuwa tatu. Ya kwanza, kutaja majina ya wenzake, akasamehewa. Ya pili, kutumia Rekebisho la Tano la katiba yao, linalomruhusu mtu kukataa kujibu ili asijitie hatiani. Wengi waliifuata hiyo, nayo iliwalinda na jela, ingawa kazini walihesabiwa kuwa wamekiri. Ya tatu ilikuwa kusimama juu ya Rekebisho la Kwanza, lile la uhuru wa kusema na kukusanyika, na kuiambia kamati kwamba haina haki ya kuuliza swali hilo kabisa. Watu kumi wa filamu walioijaribu mwaka 1947 waliishia gerezani, na Seeger alilijua hilo. Akaichagua ya tatu. Aliwaambia hatajibu lolote juu ya watu anaoshirikiana nao, imani yake wala siasa zake, na kwamba haoni Mmarekani yeyote anafaa kulazimishwa kujibu maswali ya namna hiyo. Kisha akaongeza neno ambalo wengi hulipita haraka: alikuwa tayari kuwaeleza nyimbo zake, zote, hata kuwaimbia. Asichokuwa tayari kusema ni aliziimba wapi na mbele ya nani.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Seeger alitenganisha vitu viwili ambavyo mimi nilivichanganya. Wimbo ni wa hadhara, na mwenye swali juu ya wimbo ajibiwe. Watu waliousikiliza si mali ya mwimbaji, kwa hivyo hana ruhusa ya kuwatoa. Binti yangu alifanya jambo hilo hilo mle ofisini bila ya kufundishwa na mtu. Nilimuuliza baadaye kwa nini alinyamaza kila alipoulizwa nani aliyemtuma, akasema, "Wangeniuliza maana ya ubeti ningewaeleza mpaka jioni. Waliniuliza wenzangu."

Mashtaka ya Seeger yaliletwa mwaka 1957, makosa kumi ya kulidharau Bunge. Kwa miaka kadhaa ilimbidi kutoa taarifa kila alipotaka kutoka nje ya eneo la mahakama hiyo ya New York. Machi 1961 alipatikana na hatia, na Aprili akahukumiwa mwaka mmoja. Siku ya hukumu alikwenda na banjo yake na kuomba aimbe wimbo mmoja uliokuwa umetajwa kwenye kesi, ili hakimu asikie kilichokuwa kikishtakiwa. Hakimu alikataa. Mei 1962 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu, kwa sababu hati ya mashtaka ilikuwa na kasoro: haikueleza sawasawa mamlaka ya kamati. Alishinda kwa kasoro ya karatasi. Hoja yake yenyewe, kwamba swali halifai kuulizwa, haikupewa jibu.

Nasisitiza hilo kwa sababu vijana wetu huambiwa "nenda kortini, katiba iko". Iko kweli. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja kwa jina uhuru wa ubunifu wa kisanii, na mipaka yake ni uchochezi wa vita na ghasia na maneno ya chuki, mambo ambayo swali juu ya lori la maji haliyakaribii. Lakini katika kisa chetu hapakuwa na shtaka la kwenda nalo kortini. Utamshtaki nani kwa simu isiyolia?

Wala mji huu si mgeni wa mambo haya. Mwaka 1968 kijana wa Kimvita wa miaka 22, mshairi Abdilatif Abdalla, alikamatwa kwa kuandika waraka ulioiuliza serikali nchi inakwenda wapi. Alifungwa miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa peke yake, na mashairi aliyoyaandika gerezani kwa siri kwenye karatasi za chooni ndiyo yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipata tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Nyuma zaidi yuko Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, ambaye tungo zake ziliwatia moyo watu wa Mombasa katika uhasama wa Wamazrui, waliokuwa wakiutawala mji, na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Muyaka hakuchapisha hata ubeti mmoja. Tungo zake zilifika karatasini miaka mingi baada ya kufa kwake, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmishonari Taylor, kwa sababu watu wa mjini walikuwa bado wanazo vinywani. Huwa najiuliza ni ngapi kati yake zingetufikia kama angezisoma mbele ya wakubwa peke yao.

Na hapo ndipo jibu la kisa chetu lilipokuwa, kwa Seeger na kwa Muyaka pia.

Kumbi zilipofungwa, Seeger alikwenda kwa watoto. Aliimba kwenye shule, kambi za likizo, vyuo, makanisa madogo, mara nyingi kwa malipo haba. Mkewe Toshi ndiye aliyepanga safari, akaandika barua, akahesabu pesa, akalea watoto katika nyumba ya magogo waliyoijenga wenyewe juu ya Mto Hudson. Alirekodi sahani nyingi za santuri kwa kampuni ndogo ya Folkways, nyingi zikiwa za watoto. Kijitabu chake cha kujifunza banjo, alichokitoa mwenyewe mwaka 1948, kilipita mikono ya wanafunzi wasiohesabika. Walioandika ile orodha walimtoa kwenye televisheni, wakadhani wamemtoa kwa watu. Watoto waliomsikia mwaka 1954 walikuwa watu wazima mwaka 1964, na hao ndio waliojaza viwanja vya Marekani wakiimba nyimbo za haki na za kupinga vita vya Vietnam. Televisheni kubwa haikumrudisha mpaka Septemba 1967, na hata hapo kituo cha CBS kikakata wimbo wake uliomsema kiongozi anayewaongoza wenzake kuingia mtoni huku maji yakizidi kuwafika shingoni. Ilibidi wangoje mpaka Februari 1968 ndipo ukaonyeshwa.

Namna yake ya kuimba nayo ilikuwa muhimu. Hakuimba watu wakamsikiliza. Aliwatamkia mstari upesi kabla haujafika, kisha akawaachia wauimbe wao. Mtu yeyote aliyesoma madrasa hapa Pwani aijua namna hiyo: mwalimu aanza, chuo chaitikia. Ndivyo ilivyokwenda "We Shall Overcome". Wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku Charleston, wengi wao wanawake weusi, waliuimba kwenye mgomo wa 1945 na 1946; ukaingia shule ya Highlander kule Tennessee; Zilphia Horton wa hapo akamfunza Seeger; Seeger akauzungusha na kuuongeza beti; na mwaka 1960 Guy Carawan akawafunza wanafunzi wa harakati za haki za Wamarekani weusi. Ukiuliza ni wa nani, utataja majina mengi, na hilo halikuupunguzia nguvu.

Hapa kwetu wanawake walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za mafumbo. Mafumbo yale yalisema mambo ambayo barazani yasingesemwa, na aliyesemwa alijijua. Nilipomtajia binti hilo, mamake, aliyekuwa akituletea chai, alisema bibi yake mzaa mama alikuwa mwanachama. Alianza kutuimbia kipande, akasahau, akacheka, akarudi jikoni. Nadhani wimbo wa mitungi uliokoka usiku ule.

Tuliacha kutafuta jukwaa. Kila Jumamosi asubuhi alikusanya watoto wa mtaa, mwanzo tisa, baadaye zaidi ya 30, kwenye ua wa nyumba moja Kisauni. Aliwafunza wimbo mzima, beti tatu, kwa kuitikia, bila ya spika wala gitaa mara nyingine. Alichora bomba la maji ukutani kwa mkaa, kutoka Mzima mpaka kisiwani, na kila mtoto akaandika jina la mtaa wake mwishoni mwa mstari. Wazo hilo alilipata kwa Seeger mzee, ambaye mwaka 1969 yeye na wenzake walizindua jahazi la futi 106, wakaliita Clearwater, wakawa wakiwapandisha watoto wa shule waone kwa macho yao taka zilizomwagwa kwenye Hudson. Wengi waliwacheka. Mto ulianza kusafishwa. Sisi hatukuwa na jahazi, lakini mkaa ulikuwepo.

Kisha wakaja vijana wa mikokoteni. Hao hakuwaita, waliusikia kwa wadogo zao. Wao walipenda ubeti wa pili, ambao ni wao wenyewe, na wakaanza kuutumia kwa kusukuma, mmoja aanza na mwenzake ajibu kwenye mwinuko. Baada ya miezi mitatu nilisikia wimbo Buxton, kwa vijana nisiowajua, ukiwa na ubeti wa nne usio wake. Nilimpelekea habari kwa furaha. Yeye hakufurahi mwanzo. "Wauharibu," alisema. Vina havikukaa sawa katika ule mstari wa tatu, na kwa mtu aliyefunzwa vina na mizani hilo linauma. Ilimchukua wiki kadhaa kukubali kwamba wimbo ukishashikwa na watu watauweka kiraka wanachokitaka.

Sasa niseme upande ambao hadithi za waimbaji mashujaa huupunguza. Kwa miezi 14 hakupata pesa za muziki za maana. Aliuza amplifaya yake. Alikanda unga mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Seeger alikuwa na Toshi, na alikuwa na vyuo vilivyoweza kumlipa hata kidogo. Binti yangu alikuwa na mama mwenye deni na mwalimu mwenye chumba cha kukodi. Ninapomwambia kijana mwingine asitoe ubeti, najilazimisha kumwuliza kwanza: nani atakulisha huku umenyamazishwa? Swali hilo si la woga. Pesa tulizochangishana chumbani zilitosha kodi ya miezi miwili tu, na tungepaswa kuanza kuchanga siku ile ile alipotoka ofisini, si baada ya amplifaya kwenda.

Tena ukaja wizi. Wakati wa siasa za mtaa, gari la kampeni lilipita Kisauni likipiga kibwagizo chake kwa spika kubwa, "na mtungi una bei", na baada yake jina la mtu anayetaka kura. Beti tatu hazikuwamo hata moja. Hapo nikakumbuka jambo ambalo kwenye maisha ya Seeger huniumiza zaidi ya ukomunisti wake. The Weavers waliimba "Wimoweh", waliousikia kwenye sahani ya Mzulu Solomon Linda, aliyeurekodi kama "Mbube", yaani simba, Johannesburg mwaka 1939 na kuuza haki zake kwa shilingi chache. Hata neno wimoweh ni sikio la mgeni lililoshindwa kulishika "uyimbube". Wengine wakaugeuza wimbo wa simba uliotajirisha watu, na Linda akafa maskini mwaka 1962. Seeger aliamini mapato yanamfikia, akampelekea dola 1,000 mara moja, na baadaye akajuta kwamba hakulifuatilia. Familia ilipata suluhu mwaka 2006. Mtu aliyejua vyema kwamba wimbo ni wa watu hakuangalia kwa makini ni mtu gani ana njaa. Ukiuweka kando ya "We Shall Overcome", ambao mapato yake yaliwekwa kwenye mfuko wa kusaidia jamii za watu weusi wa kusini, utaona alijifunza, lakini alijifunza kwa gharama ya mtu mwingine.

Kwa hivyo tuliandika karatasi moja, kwa Kiswahili, na wimbo tukausajili. Karatasi inasema mtu yeyote aweza kuuimba kwa mdomo wake, popote, na kuuongeza ubeti. Anayeupiga kwa spika akitafuta kura au biashara alipe, na auimbe wote, na ubeti wa tatu uwemo. Wenye gari tuliwapelekea nakala. Hawakulipa, ila waliuacha.

Mwaka huu hoteli moja kati ya zile mbili ilimpigia. Meneja alikuwa mpya. Binti aliimba nyimbo za wageni saa nzima, "Malaika" mara mbili kwa kuombwa, kisha akauweka wa mitungi mwishoni. Wageni walipiga makofi kwa adabu kama wapigavyo kwa wimbo wowote wasioujua lugha yake. Wahudumu ndio walioitikia. Wengi wao hulala Kisauni na Mtopanga na hubeba maji yao kabla ya kuja kazini, na kibwagizo walikwisha kukijua kwa watoto wao. Mmoja alisimama na sinia la glasi mpaka ubeti wa tatu ukaisha, ndipo akaendelea na kazi.

Ile ofisi haijamwita tena. Redio nayo haijaupiga.